Faili Liko Kwenye Utaratibu

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya. Mbaya kabisa! Leo kikaoni Madam Caroline, meneja wetu, ametangaza kwamba mafaili yote ya Mradi wa Maji wa Visima Saba yataingizwa kwenye kompyuta kabla ya mwezi kwisha. Kila mfanyakazi atajisomea mwenyewe. Masjala, yaani chumba cha mafaili, itageuzwa stoo ya mabomba.

Masjala ni mimi. Luqman Boga, karani, miaka kumi na saba ndani ya chumba kimoja chenye dirisha moja na mafaili mia nne na ushei. Hakuna aliyenitazama. Aliyetazamwa ni Lewis, kijana wa kompyuta aliyeletwa kutoka Nairobi pamoja na mashine ya kuskani. Baada ya kikao amenipiga bega akaniambia, "Mzee, usijali, hizi vitu zote zitaingia kwa laptop." Hizi vitu! Mafaili yangu ndiyo "hizi vitu".

Nimerudi masjala nikaketi. Nimeona haya, sijui kwa nini. Ukiambiwa kazi yako haina haja, unajihisi kama mtu aliyekula kwa watu miaka kumi na saba bila kualikwa.

Kisha wazo likaja. Hawawezi kuskani wasichokipata!

Jumanne, 9 Septemba

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ofisi tupu. Nimefanya mambo mawili.

La kwanza: rejista, lile daftari kubwa linaloonyesha kila faili liko rafu gani, nimelitia kikapuni na mchicha juu yake. Sasa liko kwangu. La pili, na hili ndilo la akili: nimebadilisha lebo zote za wafanyakazi. Majina nimeyageuza, la mwisho mbele, la kwanza nyuma. Twaiba Nassir wa uhasibu sasa ni Nassir Twaiba. Atakayemtafuta kwenye T atazeeka hapo.

Anayejua ni mmoja, na hakuandika popote. Kwenye barua yangu ya ajira cheo changu ni karani wa kumbukumbu. Haya, kumbukumbu ziko kichwani. Lewis na aje aniskani kichwa.

Ummi, mke wangu, ameuliza kwa nini kuna daftari la ofisi juu ya kabati la vyombo, limefungwa leso. Nimemwambia ni kwa usalama. Akauliza kama ofisini kufuli zimekwisha, na hata kama zimekwisha, kwa nini iwe leso yake mpya. Mambo ya ofisi yana undani.

Jumatano, 10 Septemba

Imefanya kazi! Lewis ametafuta mafaili matano tangu asubuhi, amepata moja, tena la jenereta. Ameanza kuniita "boss". Twaiba ameniletea mahamri na mbaazi kwenye bakuli lenye kifuniko. Madam Caroline amekuja mlangoni kwangu, kwa miguu yake, akanisalimu yeye kwanza. Mchana nimehamishiwa kiti chenye mikono. Kilikuwa cha wageni.

Saa tisa alikuja Chirau. Chirau Mwero, fundi wa mabomba, mtu mpole hata akigonga mlango husikii. Ni kibarua hapa miaka kumi na moja. Alhamisi ijayo bodi inakuja kutoka Kwale kuchagua fundi mmoja wa kudumu. Bodi huchagua mara moja kwa mwaka, na sheria ya mradi ni kwamba aliyetimiza miaka arobaini na tano haajiriwi tena. Chirau anatimiza tarehe nne Oktoba. Ni mwaka huu, au abaki kibarua mpaka mgongo umshinde. Ameniomba jambo dogo tu: nimwangalizie faili lake, kama cheti chake cha ufundi kimo.

Kazi ya dakika mbili. Nimemwambia aje kesho, faili liko kwenye utaratibu.

Utaratibu gani, sijui. Neno limenitoka lenyewe, na limenikaa vizuri mdomoni.

Sasa hivi nikila nimekumbuka. Ramadhani iliyopita, siku tuliyoalika watu kumi na wawili kufuturu, mfereji wetu ulikatika saa kumi. Aliyekuja kuutengeneza ni Chirau, naye amefunga, na hakutaka hata kukaribishwa. Chakula kimenikwama. Nimemwambia Ummi ni mwiba wa samaki. Akasema leo tumekula maharagwe.

Alhamisi, 11 Septemba

Chirau amekuja mara tatu. Asubuhi nimemwambia bado. Mchana nimemwambia karibu. Jioni amekuja na madafu mawili aliyoyaangua mwenyewe, akasimama mlangoni kofia mkononi, akaniita Bwana Afisa.

Bwana Afisa! Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nilikuwa nimekwisha kunyanyuka nimtolee faili, Wallahi nilikuwa nimenyanyuka. Lakini ningempa, asingerudi kesho. Nikaketi tena. Nimemwambia kesho bila shaka.

Madafu yalikuwa matamu. Nimeyanywa nikiwa nimeupa mlango mgongo.

Ijumaa, 12 Septemba

Chirau amekuja mapema, nimemwambia leo ni leo. Sikudanganya. Saa tano Madam ametaka mafaili ya mafundi wawili wanaogombea nafasi, la Chirau na la mwenzake wa kituo cha Kinango, yafike kwa karani wa bodi kule Kwale kabla ya saa kumi. Lewis akajitolea kuyatuma kwa kompyuta. Nimesimama nikasema mbele ya watu wote kwamba karatasi za mtu ni amana, na amana hairushwi hewani. Madam amekubali palepale. Hata mimi nilijisisimua.

Baada ya sala ya Ijumaa nimekimbilia masjala, dereva akipiga honi nje. Nimechukua la Kinango. Nimechukua lililoandikwa Chirau Mwero. Bahasha, gundi, tepu, mhuri wa SIRI mara tatu ili Madam asipate hamu ya kuchungulia. Sikufungua kuhakikisha. Kwa nini? Lebo nimeziandika mimi mwenyewe.

Chirau nilimkuta kwenye tangi. Nimemwambia kila kitu kimo. Amenishika mkono kwa mikono miwili, mikono mizito yenye grisi, akaniombea dua. Nimeitikia amina. Grisi haijatoka mpaka sasa.

Jumapili, 14 Septemba

Hakuna ofisi. Hakuna aliyenihitaji siku nzima isipokuwa Ummi, aliyetaka nimkunie nazi.

Jumatatu, 15 Septemba

Yarabi, nifiche.

Asubuhi Chirau ameuliza kama kuna habari. Mwenzake wa Kinango amepigiwa simu tangu Jumamosi aje kwenye mahojiano. Yeye kimya. Nimemwambia simu zinakwenda kwa zamu. Nimeingia masjala, nimefunga kwa ndani, nimekwenda kwenye M. Kulikuwa na faili limeandikwa Mwero Chirau. Nimelifungua. Picha ya kwanza: Chirau, na masharubu yale ya zamani. Cheti cha ufundi kimo. Barua za kumsifu zimo, nne.

Basi ni lipi lililokwenda Kwale?

Sisi Wadigo mtoto tunampa jina la babu yake. Babu alikuwa Chirau. Akamzaa Mwero Chirau. Mwero akamzaa Chirau Mwero. Na Mzee Mwero naye alikuwa fundi wa mradi huuhuu, akastaafu mwaka 2012, akachinjiwa mbuzi na kupewa saa ya ukutani, na faili lake liko palepale kwa sababu mimi situpi kitu. Nilipogeuza majina, baba akawa mwana na mwana akawa baba. Ijumaa nikausahau utaratibu wangu mwenyewe. Mimi, karani wa kumbukumbu! Nimempeleka bodini mzee wa miaka sabini na tatu, kwa mihuri mitatu ya SIRI.

Dawa ni nyepesi. Namwambia Madam, anapiga simu moja, yamekwisha. Lakini nitaanzaje kusema bila kufika kwenye lebo? Na kutoka kwenye lebo, rejista. Na kutoka kwenye rejista, leso. Nimekwenda mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili alinitazama akangoja, na mimi nikamuuliza kama angependa chai. Mimi si mtu wa chai. Nimelazimika kwenda kuipika.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeomba ruhusa, nimesema jino. Nimekwenda Kwale na faili la haki tumboni, ndani ya shati, nikabadilishe kimyakimya.

Karani wa bodi ni Bi Mwanarusi. Nimemwamkia shikamoo ingawa nadhani tuko rika moja. Ameitika marahaba bila kuinua macho akanionyesha benchi. Nimekaa saa tatu. Nimekaa saa nne. Watu wamekuja na barua zao, wameitwa, wameondoka, na mimi nipo na faili linanichoma mbavu. Saa saba kasoro ndipo aliponiita.

Nimemweleza kwa mzunguko. Akasema ndiyo, aliona majina yamegeuka, kwenye orodha ni Chirau Mwero na kwenye karatasi za ndani ni Mwero Chirau, lakini maofisi mengi huanza na jina la mwisho, kwa hiyo hakujali. Amenakili namba ya simu kutoka ukurasa wa kwanza na amempigia muungwana huyo. Sauti ya heshima sana, alisema. Alimshukuru kwa dua ndefu.

Nimemwomba anirudishie bahasha dakika moja tu. Akasema mafaili ya bodi hayaguswi bila barua ya meneja. Nikamsihi. Nikamwita Bi Afisa. Akafunga droo, akaweka ufunguo kifuani, akaniambia:

"Rudi kesho, Bwana. Faili liko kwenye utaratibu."

Neno langu! Nilidhani nimelibuni mimi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimempigia Mzee Mwero, anaishi Msambweni kwa mke wake mdogo. Nilikusudia kumwambia ukweli. Hasikii vizuri kwenye simu. Nimesema kumetokea kosa, akasikia pongezi. Amenishukuru. Amesema koti lake limekwisha kupigwa pasi, na hajamwambia mtu, hata Chirau, anataka kuwashtua. Amesema tangu siku ile ya mbuzi alijua kuna siku ofisi itamkumbuka.

Sikuweza. Nimesema inshallah, nikakata.

Jioni, Lewis alipokwenda kusali (anasali kanisa la Ukunda kila Jumatano), nimelichomeka faili la Chirau chini ya mashine yake. Likionekana, litaonekana kwake. Najua. Najua ni vibaya. Lakini angalau litaonekana.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika kwa sababu kulala siwezi na kuzungumza na Ummi siwezi.

Bodi imefika saa tatu, watu wanne na Bi Mwanarusi. Dakika chache baadaye ameingia Mzee Mwero. Kanzu nyeupe, koti, kofia ya mkono, na kwapani ile saa ya ukutani, ameileta iwe ushahidi. Nilimwamkia, akaitika kwa furaha akanikumbatia mbele ya watu. "Nilijua mtaniita," alisema.

Nje, dirishani, nilimwona Chirau. Amevaa shati jipya, ameketi juu ya bomba, simu mkononi anaitazama. Alikuwa bado anangoja zamu yake ya kupigiwa.

Wameanza kumhoji mzee. Mwenyekiti amesoma mwaka wa kuzaliwa, 1952. Amesoma tena. Akamwangalia mzee, akaangalia karatasi, akauliza kama barua ya kustaafu iliyo ndani ni yake. Mzee akasema ndiyo, lakini yuko tayari kuanza hata leo, na anazijua valvu zote mpaka Galu. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Madam Caroline akauliza nani ametayarisha faili hili. Na mimi, Luqman Boga, nimesema nini? Nimesema huenda ni mashine. Lewis akasema, kwa upole kabisa, kwamba mashine haijaskani hata faili moja la mfanyakazi, kwa sababu hajapewa hata moja. Nikasema basi litafutwe kwenye meza yake. Likatafutwa. Likapatikana. Madam akaliangalia, akaiangalia lebo, akapitisha kidole. Wino wangu. Mwandiko wangu. M yangu yenye mkia ambayo nimejivunia tangu shule ya msingi.

Akaitwa Chirau. Alipoingia akamwona baba yake kwenye kiti cha mahojiano na saa mapajani. Akasimama. Kisha akanigeukia. Sikutegemea kelele kutoka kwake, na hakupiga kelele.

"Bwana Luqman," alisema, "nilikuja mara tano."

Basi. Hilo tu. Nilitaka sakafu inimeze, na sakafu ya pale ni simenti.

Mzee alipoelezwa, kwa sauti ya juu, mara mbili, alivua kofia. Akasema hapana neno. Akanyanyuka, akampisha mwanawe kiti, akamtengeneza kola ya shati. Mlangoni akauliza kama mfereji wa getini bado unavuja upande wa kushoto. Ile saa ameiacha mezani kwa Madam. Amesema itawafaa zaidi ofisini, yeye nyumbani hana pa kuchelewa.

Bodi imemhoji Chirau. Majibu yatakuja kwa barua. Rejista nimeirudisha mchana, na leso yake. Twaiba ameniona nikiikunja.

Ijumaa, 19 Septemba

Madam ameniita. Hakugomba. Ningependa agombe. Amechukua ufunguo wa masjala akampa Lewis, ambaye aliupokea akitazama chini, kana kwamba aliyekosa ni yeye. Kuanzia Jumatatu nitakuwa kwenye kibanda cha getini, kuandikisha wageni na kupokea barua. Kiti cha mikono kimerudi kwa wageni.

Nimekwenda kwa Chirau kwenye tangi kuomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yamekuja mawili. Aliendelea kukaza nati. Baadaye akaniomba nimpe spana namba kumi na saba, nikampa. Sijui kama huo ni msamaha au ni spana tu.

Nimemsimulia Ummi kila kitu, mpaka madafu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anachohuzunikia ni yule mzee na koti lake. Nimelia. Naandika hapa kwa mkono wangu, tarehe kumi na tisa: sitazuia tena karatasi ya mtu, hata ya siku moja, hata ya saa moja. Wallahi.

Jumatatu, 22 Septemba

Kibanda si kibaya. Kuna meza yenye droo, na droo ina ufunguo. Saa ya Mzee Mwero imetundikwa juu ya kichwa changu, Madam alikosa pa kuiweka. Kitabu cha wageni nimekipiga mistari upya.

Saa sita amekuja mpanda pikipiki kutoka Kwale na bahasha moja. Chirau Mwero, majina yamenyooka. Amesema ni ya ajira, Chirau atie sahihi, na yeye atapita tena saa kumi kuchukua nakala. Asipoikuta, nafasi inakwenda Kinango. Nimeinua bahasha kwenye jua. Yanasomeka maneno matatu: "tunayo furaha kubwa". Alhamdulillahi! Nimefurahi mpaka machozi. Nimesimama nikamwite palepale, yuko kwenye tangi, hatua thelathini.

Lakini nimefikiri. Kumpigia mtu kelele getini kwa jambo kubwa kama hili si heshima. Jambo hili lataka utaratibu. Nimeiweka kwenye droo. Nimefunga, upepo usije ukaipeperusha.

Saa nane Chirau amepita na bomba begani. Amesimama. Amenitolea salamu, ya kwanza tangu Alhamisi, na nimeitika kwa moyo wote. Akauliza, macho chini, kama kuna chochote kutoka Kwale.

Nimemwambia huenda. Aje saa tisa na nusu, nitamwangalizia.

Ameniita Bwana Afisa.